Darasa Ambalo Ritha Alikataa Kuligawa

Ritha Mughwai hapendi kupewa pole. Surua ilimpofusha akiwa mtoto mdogo, kabla hata hajajua kuhesabu, na tangu hapo kila mgeni anayefika kwao Mtinko huanza na pole kabla ya salamu. Ritha humjibu, "Pole ya nini? Kuna msiba?" Mgeni hucheka kwa aibu, na mama yake Ritha hukimbilia ndani kutafuta kiti.

Nafundisha naye shule moja, sekondari ya kata, yeye Kiswahili na mimi Jiografia, na meza zetu zimegusana. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Mengine alinisimulia, kwa sauti kubwa, kwa sababu Ritha hajui kunong'ona.

Shule ya msingi alisoma kwenye kitengo cha watoto wasioona. Anasema walimu walijua kazi yao, na nukta nundu alizisoma haraka kuliko wenzake. Lakini darasa lao lilikuwa nyuma ya stoo ya chakula, mbali na madarasa mengine. Wakati wa mapumziko wenye kuona walikwenda uwanjani kucheza rede, kombolela na kuruka kamba. Wao waliambiwa wabaki barazani wasije wakaumizwa.

"Nilikaa miaka yote ile nasikia watu wanacheza," aliniambia. "Nilimjua kila mtoto kwa sauti yake. Nilijua nani anaiba mchezo na nani analia upesi. Hakuna hata mmoja aliyenijua mimi."

Huo ndio moto aliokua nao. Ulimpeleka sekondari, ukamfikisha chuo kikuu Dodoma, na huko akakutana na Peniel, binti wa mfanyakazi wa reli kutoka Itigi. Jumapili moja baada ya ibada Peniel alimkaribisha chumbani kwake. Walikuwepo wenzao wachache, sahani ya karanga na dadu.

Kwa asiyeufahamu, mchezo waliocheza ni wa mezani, usio na ubao wala karata. Mtu mmoja anakuwa msimulizi. Anakwambia uko wapi: uko mbele ya lango la mawe, mvua inanyesha, ndani kuna mtu anakohoa. Wachezaji, kila mmoja na mhusika wake aliyemtunga, wanaamua wafanye nini. Unataka kuruka ukuta? Rusha dadu. Ikitoka kubwa umeruka. Ikitoka ndogo umeanguka, na hadithi inaendelea kutokea hapo ulipoangukia. Hakuna anayemshinda mwenzake, na hata msimulizi hajui mambo yataishia wapi.

Ritha alichagua kuwa mwizi wa kupanda maghorofa. Alasiri yote ile hakuna aliyemshika mkono kumvusha kitu.

"Agripina," aliniambia siku aliponieleza, "pale mezani wote ni vipofu mpaka msimulizi aseme. Wote walikuwa wanauliza: mbele kuna nini? Mlango uko upande gani? Nani ameingia? Hayo ni maswali yangu ya kila siku. Nikaona kumbe mwenye uzoefu pale ni mimi."

Alipoajiriwa na kupangwa shuleni kwetu, mkuu wa shule wa wakati huo alimkabidhi ofisi ya malezi na ushauri, chumba chenye kiti kimoja na bango la kupinga mimba za utotoni, ili asihangaike na madarasa. Ritha aliomba vipindi kwa adabu. Baadaye akaomba bila adabu. Alipoona haisaidii, akaanza kuingia darasani kila mwalimu wa Kiswahili alipochelewa, akafundisha. Wanafunzi wakampenda, mkuu akachoka kubishana, na muhula uliofuata akapewa Kidato cha Kwanza chote.

Darasa la mchezo lilikuja baadaye. Kuna kituo cha vijana mjini Singida ambacho kilikuwa kinatafuta jambo la kuwapa vijana mwishoni mwa juma. Ritha alikwenda na wazo lake: darasa la mtandaoni, kila Jumamosi asubuhi, vijana wa mkoa mzima, wenye ulemavu na wasio nao, wote kwenye hadithi moja. Mkurugenzi wa kituo, Bwana Christopher, mtu mpole anayevaa suti hata juani, alilipenda wazo hilo papo hapo. Kituo kikatoa akaunti ya mikutano ya mtandaoni, bando la kila kijana, na tangazo redioni.

Walijitokeza vijana zaidi ya kumi. Watatu kati yao ndio wenye mambo haya.

Wa kwanza ni Eliana, binti wa Kinyangiri. Miguu yake haikupata nguvu tangu kuzaliwa. Aliishia darasa la saba kwa sababu sekondari ilikuwa mbali na kitimwendo hakipiti kwenye mchanga. Siku ya kutunga wahusika, wenzake walijipa mabawa, upanga na nguvu za simba. Eliana akasema, "Mhusika wangu ni mfanyabiashara wa chumvi. Anatembelea magongo. Ni tajiri sana na anapunja watu."

Kijana mmoja wa mjini, Samweli, akashangaa. "Lakini huku unaweza kuwa yeyote! Kwa nini umfanye awe hatembei?"

"Nimesema nataka kuwa tajiri," Eliana alijibu. "Sijasema nataka kuwa mtu mwingine."

Nilikuwa nimekaa karibu na Ritha wakati huo. Alipiga meza kwa kiganja akacheka mpaka akakohoa.

Huyo Samweli ndiye wa pili. Mhusika wake alikuwa shujaa aitwaye Radi, na alifanana na jina lake. Samweli alikuwa na maneno mengi na ya haraka, na mawazo mazuri pia, ila hakupenda kungoja. Msimulizi hajamaliza kueleza mlango, yeye ameshauvunja.

Wa tatu ni Chediel wa Kilimatinde, kiziwi tangu kuzaliwa, aliyemaliza shule ya viziwi na kurudi kuishi kwa babu yake. Yeye alishiriki kwa kuandika. Vijana wengine walipokezana zamu ya kumwandikia yanayosemwa, naye alipoandika jibu lake, simu ya Ritha ilimsomea mwenyewe kwa sauti, kwa Kiswahili kilichopinda kama cha mtalii. Chediel aliandika sentensi fupifupi. Mhusika wake alikuwa mpanda kuta, jina lake Kimya. Kule Kilimatinde hakuwa na dadu, kwa hiyo alichukua punje sita za mahindi, akazipaka mkaa upande mmoja, akawa anazirusha na kuhesabu zilizoangukia upande mweusi juu.

"Punje si dadu," Samweli alilalamika. "Tutajuaje kama hadanganyi?"

"Na wewe dadu yako nani ameiona?" Ritha alimuuliza. "Mimi sijaiona."

Wakacheka wote. Jumamosi iliyofuata nusu ya darasa walikuwa wamepaka mkaa punje zao, kwa kuwa zilikuwa na raha zaidi kurushwa.

Hadithi yenyewe Ritha aliitunga kutoka kwetu. Nchi ya majabali makubwa yaliyorundikana, na ziwa la chumvi ambalo siku moja lilisimama na kuondoka, likawaacha watu na tope jeupe. Wachezaji walitumwa kulitafuta ziwa na kulirudisha, kwa maneno au kwa nguvu. Kulikuwa na kanuni moja tu isiyovunjwa. Mchezaji yeyote, wakati wowote, akisema au akiandika "Simama", hadithi inasimama, na wanazungumza.

Kwa majuma kadhaa ilisimama mara chache. Ndipo wakafika kwenye ngome.

Walikuwa wamejificha chini ya ukuta. Ndani kulikuwa na mfungwa aliyejua ziwa lilikokwenda. Chediel aliandika mpango wake, mrefu kuliko alivyowahi kuandika: Kimya apande peke yake upande wenye kivuli, ashushe kamba, mfanyabiashara wa chumvi awazubaishe walinzi kwa bei. Alikuwa bado anaandika Samweli alipodakia.

"Radi anapiga lango teke! Nimerusha, nimepata sita! Twendeni!"

Wengine wakachangamka, kelele zikajaa. Zamu ya kumwandikia Chediel ilikuwa ya binti mmoja ambaye naye alikuwa anapiga kelele. Ilipofika wakati wa kusoma mpango wa Chediel, lango lilikuwa limevunjika, walinzi wametoka, na Kimya, aliyekuwa amebaki chini ya ukuta bila kusema lolote, alikuwa amekamatwa.

Simu ya Ritha ikasoma kwa ile sauti yake ya mtalii: "Simama."



Ujumbe wa pili ukafuata. "Kila siku mimi nasoma mlichokwisha kufanya. Mimi sichezi. Mimi nasoma habari."

Nilimwona Ritha anaminya kingo za meza. Baadaye aliniambia kwamba aliposikia maneno yale alirudi moja kwa moja nyuma ya ile stoo ya chakula, kwenye baraza, na uwanja umejaa sauti za watu.

"Jumamosi ijayo," akasema, "maiki zote zitazimwa. Yangu pia. Tutaandika tu."

Jumamosi hiyo nilikwenda kukaa naye, na nakwambia ukweli, aliyeteseka zaidi siku ile ni yeye mwenyewe. Ujumbe uliingia kwa mfululizo, simu ikawa inasoma huu kabla haijamaliza ule, maneno yanapandana, na yeye amebana sikio kwenye simu jasho linamtoka. Mara mbili alipoteza kabisa nani amesema nini ikabidi aandike, "Rudieni, nimewapoteza." Lakini Chediel! Sijawahi kuona kitu kama kile. Aliongoza genge zima. Alimtoa Kimya kifungoni kwa kumshawishi mlinzi kwamba zamu yake imeisha. Wenzake walimfuata kwa sababu ndiye aliyekuwa anaandika haraka kuliko wote, na kwa sababu alikuwa na akili kuliko walivyodhani.

Samweli aliandika maneno machache sana. Mwishoni akaandika, "Leo haikuwa nzuri," akatoka kabla ya wengine.

Siku chache baadaye Bwana Christopher akapiga simu. Mzazi mmoja amelalamika, akasema, na ni mzazi mwenye sauti kituoni. Tafadhali mwalimu afike tuzungumze.

Tulikwenda wote wawili. Kwenye ofisi ya kituo alikuwepo Mama Samweli, mwanamke mrefu wa umri wa makamo, mjumbe wa kamati ya wazazi, amekaa wima na mkoba umelazwa mapajani. Tulisalimiana vizuri. Bwana Christopher akaagiza soda.

"Madam Ritha," akaanza, "kwanza nikupongeze. Hakuna anayekufukuza hapa. Tunataka kuboresha tu."

"Boresha nisikie," Ritha akasema.

"Tumefikiri tuwe na madarasa mawili. Darasa la Kawaida, ambalo tutatafuta kijana mwingine alifundishe, na Darasa Maalum, la kwako, kwa hawa wenye mahitaji. Kila kundi liende kwa mwendo wake. Hata wafadhili watatuelewa vizuri zaidi, kwa sababu wanauliza kila mara walemavu mnaowahudumia wako wapi."

"Wako kwenye ngome, wanamtafuta mfungwa," Ritha akajibu.

Bwana Christopher hakuelewa. Mama Samweli akaona ni zamu yake.

"Mwalimu, mimi sina ugomvi na mtoto wa mtu. Lakini mwanangu si kiziwi. Kwa nini afundishwe uziwi?"

"Hakufundishwa uziwi, mama. Alifundishwa kungoja."

"Kungoja!" Mama Samweli akainua sauti, halafu ikamkatikia. Akaanza upya, taratibu. "Baba yake Samweli alifariki mwaka juzi. Tangu mazishi yale mtoto alinyamaza. Nyumbani hasemi, shuleni hasemi. Nilimpeleka kwa mchungaji, nikampeleka hospitali. Darasa lako hili ndilo la kwanza kumfungua mdomo. Jumamosi mimi nakaa jikoni nasikiliza mwanangu anapiga kelele chumbani, namshukuru Mungu. Halafu wewe ukamzimia maiki."

Nilimwangalia Ritha. Uso wake ulibadilika. Yeye, aliyekuwa anajidai kuijua kila sauti, hakuwa amesikia hilo kwenye sauti ya Samweli. Alifikiri zile zilikuwa kelele za mtoto aliyezoea kusikilizwa.

"Hilo sikulijua," akasema.

"Hukuuliza."

"Kweli, sikuuliza. Nimekusikia, mama. Maiki sitazizima tena. Nitatafuta njia nyingine: hakuna tendo linalohesabiwa mpaka kila mtu amelipata, kwa sikio au kwa maandishi. Samweli apige kelele atakavyo, lakini Radi hataruka lango mpaka Kimya ajue kuna lango."

Bwana Christopher akashangilia. "Vizuri sana! Na tukigawa madarasa mawili hata hilo halitahitajika."

"Hatugawi," Ritha akasema.

"Madam, fikiria kwanza."

"Nimefikiria tangu nikiwa darasa la kwanza. Mimi nimesoma kwenye hilo Darasa Maalum lako, Bwana Christopher. Nilifundishwa vizuri, nilikula vizuri, na hakuna mtoto yeyote upande wa pili aliyewahi kujua jina langu. Unataka nimchukue Chediel nimweke huko kwa mikono yangu mwenyewe? Na Eliana, ambaye ndiye mwenye akili ya biashara kuliko wote? Sifanyi."

"Si ukatili, ni mpangilio tu."

"Hata baraza la kule shuleni lilikuwa mpangilio."

Bwana Christopher akavua miwani, akaifuta. Hakuwa mtu mbaya, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli aliposema akaunti ni ya kituo, bando ni la kituo, na jina la darasa limesajiliwa na kituo. Kamati ikishaamua, yeye hana la kufanya.

Ritha akasimama, akakunjua fimbo yake nyeupe. "Akaunti chukueni. Bando chukueni. Jina nalo chukueni, nitatunga jingine, kutunga ndiyo kazi yangu. Ila vijana hamkuwanunua na bando." Akageukia alikosikia pumzi ya Mama Samweli. "Mama, mwanao anakaribishwa siku zote. Akija, atakuja kwenye darasa lilelile."

Soda zetu tuliziacha zimejaa.

Nje, kwenye jua, nilimwambia pengine angekubali kwanza, halafu abadilishe mambo polepole kutokea ndani. Nilimwambia kwa nia njema. Alisimama katikati ya njia, pikipiki zinatupigia honi.

"Agripina, ndani ya wapi? Wanachoniomba ni kukaa nje na kupaita ndani."

Jumamosi iliyofuata alifungua gurupu jipya kwa simu yake mwenyewe. Nyumbani kwao mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo tulipanda kwenye jabali lililo nyuma ya shamba la alizeti la baba yake, Mzee Alute Mughwai, ambako simu inashika vizuri. Baba yake alikuwa amemtandikia mkeka, na alipotuona tumefika akasema tu kwa Kinyaturu kwamba upepo ni mkali, tujifunge vizuri, akarudi kwenye jembe lake. Mzee yule hakuwahi kuuelewa mchezo. Alielewa kwamba binti yake amekataa kitu.

Waliojiunga siku ile walikuwa wanne tu. Eliana alikuwepo, Chediel alikuwepo. Wazazi wa wengine walikuwa wameshapokea ujumbe wa kituo kuhusu madarasa mapya. Eliana alipowahesabu akauliza, "Madam, tumefukuzwa?"

"Hatujafukuzwa. Tumehama."

"Basi nahama na chumvi yangu," Eliana akasema, na wakaanza.

Kanuni mpya ilikuwa ngumu. Kila tendo lilisemwa, likaandikwa, na mwenye zamu akauliza, "Wote tumefika?" kabla dadu hazijarushwa. Mwanzoni ilikwenda kama gari bovu. Lakini ule muda wa kungoja ukaanza kuzaa mambo. Watu walikuwa wanafikiri. Eliana aliutumia kubadili bei. Chediel aliutumia kuandika mizaha kuhusu walinzi, na mizaha yake ikawa mikali kuliko vita vyenyewe.

Jioni moja katikati ya juma nilikuwa kwa Ritha tunasahihisha madaftari, mimi nasoma, yeye ananitajia alama, simu ikaita. Alikuwa Samweli.

"Shikamoo madam."

"Marahaba, Samweli. Hujambo?"

"Sijambo. Madam, nataka kurudi. Kule kwingine tunakwenda haraka, lakini… sijui. Hakuna mtu anayenibishia." Akashusha sauti. "Mama hajui kama nakupigia. Nitatumia simu ya rafiki yangu."

Nilidhani Ritha atafurahi. Akakunja uso. "Basi kata simu, umwambie mama yako kwanza. Kwangu haingii mtu kwa kujificha."

"Atakataa!"

"Akikataa, mwambie sababu zako. Radi anavunja malango kwa teke, wewe huwezi kuongea na mama yako?"

Samweli akakata simu bila kuaga. Ritha alikaa ameishika mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze nilimwona na wasiwasi. "Nimempoteza huyu," akasema. Wiki ile haikuwa na habari yoyote, wala iliyofuata.

Halafu Mama Samweli mwenyewe akapiga. Ritha aliweka sauti ya nje ili nisikie, pengine kwa sababu alitaka shahidi.

"Mwalimu, mwanangu amenibishia," Mama Samweli akasema. "Mezani, mbele ya shangazi zake. Tangu baba yake afariki hajawahi kunipinga kwa neno. Amesimama akanieleza kwa nini anataka kurudi kwako, akamaliza, akakaa akaendelea kula. Shangazi zake walitaka nimpige. Mimi nilitoka nje nikalia."

"Samahani, mama."

"Usiniombe samahani. Na usidhani nimekubaliana na wewe. Sijakubaliana."

"Sikukuomba ukubaliane."

Mama Samweli akaguna, na katika kuguna kule nilisikia kitu kama kicheko kilichozuiliwa. "Atarudi Jumamosi. Lakini siku utakapomfunga mdomo tena, nakuja Mtinko kwa miguu yangu."

"Siku nitakapomfunga mdomo atasema 'Simama' yeye mwenyewe. Lakini ukija, karibu. Baba yangu ana kuku."

Samweli alirudi. Hakuomba radhi kwa Chediel, Chediel naye hakuitaka. Alichofanya Samweli ni kuomba zamu ya kuandika, mara ya kwanza na ya pili, mpaka ikawa yake karibu kila juma. Alikuwa anaandika upesi kama alivyoongea, na kwa kuwa alilazimika kusikiliza ili aandike, akawa hadakii tena. Radi aliendelea kuvunja malango. Tofauti ni kwamba sasa kulikuwa na mtu juu ya ukuta ameshika kamba.

Darasa la kituo lipo mpaka leo, nalo lina vijana wengi, na wanafurahi. Ritha hana neno nalo. Lile Darasa Maalum ndilo lililokosa mwalimu. Mwaka jana Bwana Christopher alimtumia ujumbe wa sauti, mrefu na wa heshima, akimwomba alichukue kwa masharti mazuri kuliko ya kwanza. Ritha aliusikiliza mpaka mwisho, akabonyeza, akajibu: "Hapana, Bwana Christopher. Siku mtakapobomoa ukuta nipigie, nitakuja na vijana wangu wote." Akaendelea kupepeta mchele.

Darasa lake yeye limekua polepole. Wapo vijana wa Manyoni, Itigi na Ikungi, Waislamu na Wakristo, wanaoona, wasioona, wenye kigugumizi, na wengine ambao tatizo lao pekee ni kwamba hawana mtu wa kuongea naye siku ya Jumamosi. Kuna wazazi wanaosema ni kamari kwa sababu ya dadu, na wengine wanasema ni kupoteza muda. Ritha huwaambia waje wasikilize, na wasipokuja hawabembelezi. Eliana anajiandaa na mtihani wa maarifa ili asome sekondari kutokea nyumbani. Bibi yake alimwambia umri umekwenda, akamjibu umri uende, yeye atabaki hapohapo anasoma.

Mwezi uliopita Chediel aliomba kuwa msimulizi. Ritha alimpa darasa zima, na yeye mwenyewe akaingia kama mchezaji wa kawaida, na mhusika mpya, mwizi mzee mwenye kiburi. Nilikuwepo jabalini. Chediel alisimulia kwa maandishi, Samweli akiyasoma kwa sauti kwa wasioona: pango, maji yanayodondoka, daraja la kamba lililooza. Wengine wakapima kamba, wakaulizana, wakavuka mmoja mmoja. Mwizi mzee wa Ritha akasema yeye havuki kwa kupokezana kama mbuzi, anakimbia.

Akarusha punje zake kwenye mkeka, akazipapasa kuhisi upande aliokuwa ameukwaruza kwa kisu badala ya kuupaka mkaa. Akatangaza kwa sauti ndogo: hakuna hata moja.

Ujumbe wa Chediel ukaingia. "Kamba imekatika. Umekufa, madam."

"Haiwezekani," Ritha akasema, na Samweli akaandika. "Nina haki ya kurusha tena. Mimi ni mzoefu. Nitashika jiwe."

"Hakuna jiwe."

"Msimulizi mwema angeweka jiwe!"

"Mimi si mwema. Umekufa. Tunaendelea."

Tulisikia Eliana akicheka kutoka Kinyangiri, kicheko kirefu cha kukosa pumzi. Ritha alikaa kwenye mkeka, mwalimu mzima, ameuawa na mwanafunzi wake mbele ya mkoa mzima. Akainamia simu.

"Sawa," akasema. "Basi niambieni, bila mimi, mnakwenda wapi?"